Mkono wa Signifer

Trebius Pansa alikuwa signifer, mbeba alama wa kikosi, na cheo hicho alikipenda kuliko alivyompenda mama yake mzazi. Kazi yake ilikuwa kushika mti mrefu wenye sahani za fedha, na juu kabisa mkono wa fedha ulionyoosha kiganja, huku mwenyewe amejitanda ngozi ya dubu tangu utosini. Signifer hachimbi handaki. Signifer halindi lango kwenye mvua. Ila hakuna aliyemwambia kwamba dubu yule alikufa akawaacha viroboto wake hai.

Basi asubuhi ya gwaride, akiwa chooni na mti wake kando, mgongo ukamwasha pale pasipofikika. Trebius akauchomoa ule mkono wa fedha, akajikuna. Raha iliyoje! Akafumba macho. Mkono ukamponyoka, na kutoka chini shimoni ikasikika chubwi!

Aliyeketi tundu la pili ni Egnatius, naibu wa akida.

"Nimesikia chubwi," akasema Egnatius.

"Hujasikia kitu."

"Chubwi ya fedha hiyo, ndugu yangu. Za kawaida nazijua."

Kupoteza alama ya kikosi si mchezo. Angevuliwa ngozi, apewe jembe, na badala ya mkate wa ngano ale shayiri kama nyumbu. Trebius akatimka mbio hadi zizini, akanyakua nyasi kavu za kujaa konzi, akazifunga juu ya mti pale ulipokuwa mkono, akaenda kusimama mbele ya wenzake mia moja na sitini kama vile hakuna lililotokea.

Jemadari akapita akikagua. Akasimama. "Hiki nini?"

"Manipulus, bwana jemadari."

"Manipulus ndilo jina la kikosi, hilo nalijua. Nauliza hicho kilicho juu ya mti!"

"Ndicho hicho hicho, bwana. Manipulus maana yake si konzi? Konzi ya nyasi. Babu zetu walipigana chini ya nyasi, kabla hatujaingiwa na tamaa ya fedha. Nimeona turudi kwa babu."

Sasa jemadari huyu alikuwa anayahusudu mambo ya kale. Hata viatu alivyovaa vilikuwa vya marehemu babu yake, na vilimbana. Machozi yakamlengalenga. "Kumbe Warumi bado wapo!" akasema. Nyuma yake Egnatius akakohoa, na kikohozi chake kilifanana sana na chubwi.

Hapo akapita Bellona, nyumbu wa mizigo, jike lisilo na adabu. Akanyoosha shingo, akaila alama ya kikosi yote.

Bellona akalamba midomo.

"Alama iko wapi sasa?" akauliza jemadari polepole.

"Tumboni mwa Bellona, bwana."

"Na signifer ni nani?"

Trebius akaukumbatia mti mtupu. "Ni... anayebeba alama, bwana."

"Basi mvisheni ngozi nyumbu."

Trebius alilia waziwazi, bila kujificha. Bellona akavishwa ngozi ya dubu, akawekewa mbele yake mkate wa ngano wa signifer. Trebius akapewa jembe, na bakuli la shayiri ya Bellona.

"Usilie, mzee," Egnatius akamwambia. "Ngozi imemkaa vizuri kuliko wewe."

Lakini sheria ni sheria. Inasema alama inakokwenda, kikosi kifuate. Viroboto walipopata mgongo mpya walisherehekea, na Bellona akachomoka mbio. Akida, mtu asiyejua utani, akanguruma: "Fuata alama!" Askari wote wakafuata, wawili wawili, ngao begani. Wakazunguka bafu mara mbili. Mwishowe wakaingia kwenye bustani ya kabichi ya jemadari, iliyopandwa kwa mbegu za babu yule yule. Bellona akajitupa chini akagaagaa. Kikosi kikasimama juu ya kabichi kusubiri amri. Wawili wa mbele, vijana watiifu mno, wakalala nao wakagaagaa.

"Mrudishieni Trebius ngozi yake!" jemadari akapiga yowe huku akichechemea na viatu vyake. "Mrudishieni sasa hivi!"

Trebius akajitanda ngozi yake, viroboto na wote, akainua mti juu. Moyo ulimjaa furaha hata akasahau kuwashwa. Jemadari akautazama mti ule mtupu.

"Mambo ya nyasi basi. Ule mkono wa fedha uko wapi?"

"Upo, bwana. Mahali salama kabisa. Hakuna mtu anayeweza kutia mkono huko."

"Vizuri. Kabla ya chakula cha mchana nauona juu ya mti, unang'aa."

Egnatius akacheka mpaka akashika mbavu. Trebius alivua ngozi ya dubu, akaikunja vizuri, akaiweka mbali, akajipaka mafuta ya zeituni mpaka begani. Kisha akaelekea chooni, kwenda kupeana mkono na cheo chake.