Siku Tisini za Mjane

Mkuu wa jimbo la kanisa aliisoma ajenda ya saba mwenyewe. Wajumbe kumi na wawili wa halmashauri ya jimbo waliinamia makabrasha yao. Ajenda ilihusu wajane wa wachungaji: waongezewe muda wa kukaa kwenye nyumba za usharika, kutoka siku tisini hadi miaka miwili.

Siku tisini hizo aliziweka yeye, miaka tisa iliyopita, tena kwa kupiga meza. Mchungaji akishazikwa, mjane aanze kufungasha, basi. Mchungaji mpya atalala wapi? Barua nne za kuwatoa wajane alizisaini, akaenda zake kula. Leo ana uvimbe kwenye ini, daktari kampa miezi tu, na maisha yake yote kaishi kwenye nyumba za kanisa. Hana hata kibanda. Watoto hawakujaliwa. Mkewe ataelekea wapi? Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Kifo alishakizoea.

"Mwenyekiti," katibu wa jimbo alisema kwa upole, "jambo hili linakugusa. Kwa utaratibu, unatupisha."

Na utaratibu huo pia ni wake, jamani. Angemlaumu nani?

Akatoka, akaketi kwenye benchi la korido, kando ya ndoo ya kudekia. Mkewe alikuwa pale na chupa ya maji na vidonge vya saa nane.

Baada ya nusu saa akatoka mwakilishi wa akina mama, mjane wa barua ya kwanza. Huyo alitolewa magodoro yakinyeshewa uani. Mkuu wa jimbo akakwepesha macho.

"Tumepiga kura, baba mchungaji. Kumi na mmoja wamekataa. Wanasema wakilegeza leo, itaonekana umejipendelea."

"Na wa kumi na mbili?"

"Ni mimi. Lakini sikukupigia wewe." Akamshika mke wa mkuu bega. "Nimempigia huyu."

Aibu ikamjaa mpaka masikioni. Katibu akaja na kumbukumbu za kikao, naye akazisaini hapo hapo gotini, kama mwenyekiti.

Walipobaki wawili, mkewe akauliza taratibu, "Hizo siku zinaanza kuhesabiwa lini?"

"Kesho yake baada ya mazishi."

Mkewe akafungua chupa ya maji, akamtilia vidonge kiganjani.

"Basi kunywa dawa, mzee wangu."