Karatasi Kikombeni

Bimdogo alipofika Saadani alimkuta dada yake Ashatu kajikunyata mkekani. Ilikuwa siku ya nne anaharisha, na mkononi kashika kikombe cha maji ya buluu.

"Shikamoo dada. Unakunywa nini?"

"Marahaba. Dawa ya zahanati. Mganga kanipa karatasi, nami nimeitosa majini kama kombe la shekhe, zile aya anazoziosha nikanywa. Nanywa asubuhi na jioni."

Bimdogo alichungulia kikombeni. Maji yalikuwa ya kisimani, yananuka tope, na viluwiluwi vya mbu vinacheza ndani ya wino. Aliichomoa karatasi kwa ncha za vidole, akaitandaza gotini, akasoma polepole maandishi yaliyofifia, kama alivyofundishwa katika darasa la watu wazima: "Che-msha ma-ji kwa-nza. Ndi-po u-nywe."

"Hayo tu?"

"Hayo tu, dada. Umekunywa maneno na uchafu wake."

Akatoka kutema mate. Aliyemchefua zaidi ni yule mganga, aliyemsukumia mama mtu mzima karatasi bila hata kumuuliza kama anajua kusoma.

"Shekhe wangu," Ashatu alinung'unika, "hunisomea kwanza."

"Na mimi nimeshakusomea." Bimdogo akayamwaga yale maji uani, akainjika sufuria ya maji mengine. "Hunywi hata tone mpaka yatokote."

Ashatu akautazama moto, midomo imemkauka.

"Basi chochea kuni, mdogo wangu. Kiu inaniua."