Ngazi Iliyokatika

Jumapili saa kumi alasiri kinyozi hufunga mlango wa mbele, hufagia nywele za wateja, na kibanda chake hugeuka baraza la wasomaji. Viti viwili vya kunyolea, vile vya kuzunguka, ni vya wazee. Wengine hubanana kwenye benchi la kusubiria, wakibishana huku wakitazamana kwenye vioo. Kwa miaka minne walikuwa wakisoma vitabu vya Mwandishi mmoja tu, yule mama maarufu wa hadithi za nyota na miji isiyokuwepo. Ameandika vitabu kumi na kimoja, na tuzo zake hazina idadi. Kinyozi alikipenda kile cha mtu aliyeuza mvua kwa kibaba. Lakini kilichowaweka pamoja wote ni kile cha kwanza, *Mji Usio na Saa*.

Jumapili moja Mama Gundi alikuja na kisu chake cha kazi ndani ya mkoba, na dada yake amemshika mkono.

Jina la Mama Gundi alilipata kiwandani, alikojalidi vitabu hadi vidole vikagoma kutakata. Lakini fundi hasa wa hapo alikuwa Dada, mkubwa wake. Kiwandani karatasi kubwa hukunjwa ikawa fungu la kurasa kumi na sita. Mpangaji huyaokota mafungu kwa mfuatano, moja baada ya jingine, ndipo kitabu kishonwe. Kazi hiyo Dada aliifanya mikono ikikimbia na mdomo ukipiga soga.

Hadi mwaka ule. Imepita miaka thelathini na mmoja, na Mama Gundi hajasahau hata rangi ya shati la msimamizi. Kiwanda kilikuwa kimeahidi kitabu kwa haraka. Wapangaji wakashikishwa zamu mbili mfululizo, na aliyenung'unika akaonyeshwa mlango. Siku ya nane Dada aliweka rundo la fungu la kumi mahali pa rundo la tisa. Nakala elfu tatu zikashonwa hivyo. Barua ya kumfukuza ilisema "uzembe", ikaongeza kwamba nakala zote zimechomwa moto. Neno lile moja lilimtangulia kila kiwanda alichobisha hodi. Akaishia kufua nguo za watu, na tangu hapo hakugusa kitabu tena, hata cha sala.

Wiki tatu zilizopita Mama Gundi alijiunga na baraza, akaazimwa nakala ya *Mji Usio na Saa*, akaisoma. Alipofika katikati akazirudia sura mbili, akakitambua: kilikuwa kitabu kilekile cha mwaka ule. Walidanganywa. Hakuna kilichochomwa. Kitabu kiliuzwa vilevile kilivyotoka mikononi mwa Dada, kikasifiwa, kikachapwa upya mara kumi na nne kwa mpangilio uleule.

Sasa wachapishaji walikuwa wanatoa toleo jipya la heshima. Waliwaomba wasomaji wa baraza hilo waandike kurasa mbili za mwisho, na Mwalimu, msomi wao, alikwishaziandika. Kesho zingekwenda posta. Mama Gundi alitaka jambo moja tu: kabla kurasa hizo hazijaondoka, jina la dada yake liwemo.

"Shikamoo bibi, karibu kiti cha enzi," kinyozi alimwambia Dada, akimzungushia kiti. "Ukitaka na ndevu nakunyoa bure."

"Marahaba. Anza na ulimi wako," Dada akajibu. Benchi zima likacheka. Alikuwa ameambiwa na mdogo wake kwamba anamsindikiza tu, basi. Akakaa, mikono mapajani, macho mbali na vitabu.

Mwalimu alivaa miwani. Alifundisha fizikia hadi kustaafu, na sasa alikuwa na daftari la kurasa hamsini juu ya sura mbili tu za kitabu hicho. Akasoma alichoandika. Alieleza jinsi rubani wa chombo cha angani anavyoanguka na kuzikwa mchangani. Na jinsi, katika sura inayofuata, rubani huyohuyo anavyobisha hodi kwa mama yake na kuomba maji. Hapana maelezo. Anakunywa, analala, basi. "Hapa Mwandishi amevunja mshale wa wakati," Mwalimu alisoma. "Haijapata kutokea ujasiri kama huu."

"Mimi sijui mshale," alisema muuguzi, binti aliyekaa mwisho wa benchi bado na viatu vya zamu. "Mama alipofariki, sura ile niliisoma kila siku kwa mwezi mzima. Nilikuwa naacha kikombe cha maji mezani. Mnicheke."

Hakuna aliyemcheka.

Moyo wa Mama Gundi ulisita. Mtoto wa watu huyu hakumkosea mtu. Lakini akamtazama dada yake kwenye kioo, vile vidole vilivyochubuliwa na sabuni, hasira ikarudi mahali pake.

"Mwanangu, nisamehe," alisema. "Mwalimu, hakuna aliyevunja mshale. Mafungu mawili yamepishana. Rubani anakunywa maji kwanza. Halafu ndiyo anakufa."

"Aa, mama, hapo sasa!" Mwalimu alivua miwani. "Mwandishi mwenyewe aliulizwa gazetini. Akajibu, wafu hawajui kalenda."

"Alijibu vizuri. Angeongeza na kwamba wafanyakazi hawajui kulala."

"Kama ni kosa, mbona namba za kurasa hazikuonyesha?"

"Namba gani? Fungua uone. Alizikataa yeye. Mji wake hauna saa, basi na kurasa zisiwe na namba, na kila sura iwe kurasa kumi na sita kamili. Sisi tukabaki kupapasa kama vipofu. Akapewa tuzo, tukapewa barua."

Kabatini kinyozi alikuwa na nakala ya uchapaji wa kwanza, fahari ya kibanda. Mama Gundi akainyooshea mkono. Kinyozi akamtazama Mwalimu, Mwalimu akatazama dari, na kisu kikapita mgongoni mwa kitabu, taratibu, kama kinamenya chungwa. Jalada likatoka.

"Njooni. Kila fungu lina alama nyeusi mgongoni. La kwanza juu, la pili chini yake kidogo, hivyohivyo. Kitabu kikiwa sawa, alama zinashuka kama ngazi."

Walikusanyika. Ngazi ilishuka vizuri, moja, mbili, hadi nane. Kisha ikaruka chini, ikapanda juu, ikaendelea.

"Mkaguzi hakuiona?" kinyozi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mkaguzi alikuwa amefukuzwa wiki moja kabla. Alidai tupewe siku ya mapumziko."

Muuguzi alikuwa amekaa tena. "Kwa hiyo alikufa tu," alisema. "Hakurudi."

Mwalimu alilifunga daftari lake la kurasa hamsini, akaliweka sakafuni kama mtu anayevua kiatu kinachombana. "Na ni nani," aliuliza, "aliyeyapanga?"

Hapo ndipo kiti cha pili kilipozunguka. Dada alikuwa amesimama, na uso wake Mama Gundi hakuujua.

"Ulisema nakusindikiza," Dada alimwambia.

"Dada, nilitaka..."

"Walisema wamevichoma."

"Walisema uongo."

"Miaka yote hii nafua, najua nimeunguza kazi ya mtu." Akamgeukia muuguzi. "Wewe binti. Hilo la kikombe. Ni kweli, au unanifurahisha mzee?"

"Ni kweli, bibi."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Dada alikisogelea kile kitabu kilichochanwa. Mwalimu akakohoa, akasema kwa adabu ya mtu aliyepigwa, "Bibi, tutaandika. Tutasema lilikuwa kosa la kiwanda, wala si uzembe wako. Tuwaombe wachapishaji warudishe sura mahali pake."

"Hivyo ndivyo!" Mama Gundi alidakia. Ndicho alichokililia wiki tatu. "Na wakikataa kuchapa, nitachapa karatasi mwenyewe, niibandike ndani ya kila nakala ya mji huu. Gundi ninayo."

"Wewe kaa," Dada alisema. "Kwanza, kitabu cha mwenyewe mmekichana. Sindano iko wapi?"

Ilikuwamo mkobani mwa Mama Gundi, na uzi pia. Dada alisogeza makopo ya krimu, akakata nyuzi za zamani, akatandaza mafungu kumi na manane kwenye meza ya kinyozi chini ya kioo. Akayagonga kingo. Mikono, iliyosemekana imesahau, ikaanza kukimbia: la kwanza, la pili, la tatu. Wasomaji wakasogea karibu. La saba, la nane. Hapo mikono ikasimama. Upande mmoja kulikuwa na rubani mezani kwa mama yake; upande wa pili, rubani mchangani.

"Yote mawili yako hapo, dada," Mama Gundi alinong'ona. "La tisa ni lile la kushoto."

"Najua lilipo. Unanifundisha wewe?"

Alimtazama muuguzi kwenye kioo. Kisha akachukua la kulia, kaburi, akaliweka kwanza. Juu yake akaweka hodi na kikombe cha maji.

Ngazi ikakatika palepale ilipokatikia.

"Siku ile nilikuwa na usingizi," alisema, akitia uzi kwenye tundu la sindano bila miwani. "Leo sina. Mwalimu, chukua kalamu. Usiandike kosa, wala msamaha wa mtu sitaki. Andika nani alizipanga hizi sura mbili."

Mama Gundi alitaka kubisha. Alikuwa amekuja kunyoosha, si kuacha pakiwa pamepinda. Akamshikilia mafungu yasiteleze.

Mwalimu alipiga mstari juu ya "ujasiri wa Mwandishi", akakaa tayari. "Majina kamili, bibi?"

Dada aliyataja yote matatu, akishona.