Pantufu za Sakafu Nyekundu

Bi Nura alianguka Jumanne, mara tu alipomaliza kutawadha kwa sala ya adhuhuri, na kosa lilikuwa la mishumaa. Miza, mke wa mwanawe Himid, alilijua hilo tangu aliposikia kishindo, lakini mdomo ukawa mzito. Utamwambiaje mama mkwe kwamba umemtegea mtego ndani ya nyumba yake mwenyewe?

Mambo yalikuwa hivi. Nyumba yao ya Buyenzi ilikuwa na sakafu ya simenti nyekundu, na Bi Nura aliilea sakafu ile miaka thelathini. Kila Alhamisi ilipakwa sire, ile nta nyekundu ya mkebe, ikasuguliwa kwa burashi mpaka mgeni akiinama anauona uso wake. Ijumaa wageni waliacha viatu mlangoni, wakaingia, wakasifu, na Bi Nura akajifanya hajasikia. Basi mwaka huo wa 1997 nchi ilikuwa imefungiwa mipaka, ambargo juu ya vita, na mkebe wa sire ukawa hauonekani Bujumbura nzima. Mwanamke mwingine angemshukuru Mungu akapumzisha magoti. Miza, kwa ubishi wake, aliyeyusha mishumaa sita, akaichanganya na mafuta ya taa na rangi nyekundu ya kutilia mikeka, akapaka. Jamani, sakafu iling'aa kuliko miaka yote, na ikateleza kama mgongo wa samaki.

Bi Nura hakuvunjika kitu, alhamdulillahi. Nyonga ilivimba wiki mbili, ikapoa. Lakini woga ulimwingia. Huyu alikuwa mkunga wa mtaa, mtu ambaye hata njia zilipofungwa kwa sababu ya risasi alipita nyuani kwenda kuzalisha. Sasa alitembea kwa kushika ukuta, na sala zake akazisali ameketi kwenye kiti. Jumapili moja, chai ikiwa mkononi, akatangaza kwamba anahamia Kigoma kwa binti yake Khadidja. Huko walikuwa wanatandika mikeka kila chumba, hakuna kuteleza. Tamim, mwanawe mdogo aliyekuwa akivuka ziwa kwa biashara, ambargo iwepo isiwepo, angekuja kumchukua Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

"Ni sawa, Mama," Himid akasema. "Utapumzika."

Wanaume bwana. Miza alimkata jicho hadi akainua gazeti.

Najua wako wakaza wana ambao wangepiga vigelegele moyoni. Miza aliingia nyumba ile ana miaka kumi na tisa, mama hana, kushona hajui, hata wali alikuwa anauunguza. Bi Nura alimfundisha mashini, sufuria, na namna ya kuwajibu watu. Walikuwa wakigombana kuanzia asubuhi hadi magharibi, juu ya chumvi, juu ya pazia, juu ya nani kasahau kufunga bomba, na hakuna aliyechoka. Lakini tangu siku ile ya kuanguka, Miza alikuwa ameishiwa na maneno. Akiambiwa hili, "Ndiyo, Mama." Akiambiwa lile, "Ndiyo, Mama." Na sasa mzee anaondoka, na Miza akifikiria nyumba bila sauti ile, anataka kulia.

Kwanza alijaribu njia fupi. Alichemsha maji, akamwaga sabuni, akakwangua nta yote. Sakafu ikabaki na mabaka meupe kila kona. Bi Nura alitoka chumbani na mkono ukutani, akatazama chini.

"Miza, nani amekufa?"

"Hakuna mutu, Mama."

"Sasa mbona munanifanyia matanga ningali muzima? Pakaa tena. Mi nitaenda Kigoma, ego, ndiyo, lakini siachi nyumba yangu namna hii."

Ikapakwa tena, kwa mishumaa ile ile, maana sire haikuwepo.

Himid akauliza, si avae kandambili tu? Swali la mtu aliyezaliwa mle ndani, na bado hajui sheria za mama yake. Kandambili ni za chooni, na kilichotoka chooni hakiusogelei mswala wa Bi Nura hata kwa bahati mbaya. Kilichotakiwa ni pantufu, kiatu laini cha kitambaa kisichojua nje wala choo, na zaidi ya yote kiweze kufuliwa. Na kufua kwa Bi Nura ni maji matatu, ya kwanza yakiwa yanachemka. Tamim aliwahi kumletea pantufu nzuri za dukani, zenye manyoya. Zilifuliwa mara moja. Gundi ikayeyuka, karatasi ngumu ya ndani ikawa uji, manyoya yakaziba bomba la karo.

Miza akajiapia kwamba gundi haitumiki, wala karatasi. Ili mzee asijue, alichukua kipimo kwa siri: Bi Nura akitoka kutawadha, Miza anamfuata nyuma na chaki, anazungushia alama ya unyayo mbichi kabla haijakauka, kisha anaweka gazeti juu na kuchora. Ndipo alipogundua kwamba mguu wa kushoto ni mkubwa kuliko wa kulia, na kwamba kidole gumba kinatazama upande. Akashona kila mguu na umbo lake.

Pantufu za kwanza zilikuwa za kitenge, ndani sponji ya godoro, chini kitambaa cha jinzi. Sponji ilikunywa maji yote ya ndoo na ikakaa na unyevu siku mbili, ikanuka. Na ile jinzi, Miza alipozivaa kujaribu, alifika jikoni bila kupiga hatua. Za pili alizishonea taulo kuukuu, tabaka nne, mishono mingi ili zisikusanyike, na kisigino akakiacha na upenyo wa kutolea maji. Hapo juu alikuwa amepata. Ila chini aliweka kamba ya katani iliyosukwa, na baada ya maji ya moto katani ikajikunja, pantufu zikamtosha mtoto mchanga.

Zikabaki siku tatu. Miza akaenda kwa Atumani, fundi wa baiskeli wa mtaa wa nyuma, akamwomba mpira wa ndani wa tairi.

"Baiskeli umenunua lini?" Atumani akauliza.

"Ni wa mama mukwe."

"Bi Nura anapanda baiskeli sasa?"

"We nipe mupira, maneno acha."

Alikata vipande vyembamba, akavipanga kwa kukingama chini ya soli, akavishona kwa sindano ya ngozi hadi vidole vikamtoka damu. Akazichemsha mara tatu. Zikatoka kama zilivyoingia. Akazianika, zikakauka kabla ya alasiri. Akamwagia sakafu maji, akavaa, akaruka, akageuka, hakuteleza hata kidogo. Alikaa chini palepale kwenye maji akacheka peke yake.

Ijumaa Tamim akafika, kanzu safi, tende mkononi. Sanduku la bati la Bi Nura lilikuwa tayari mlangoni, limefungwa kamba. Miza akazitoa pantufu nyuma ya mgongo wake.

"Mama, jaribu hizi. Mara moja tu."

Bi Nura alizigeuza, akavuta mishono, akazinusa. Akasoma zile nukta ndogo ndogo za uzi kama anakagua kitovu cha mtoto. Kisha akavaa. Hatua ya kwanza alishika ukuta. Ya pili akaachia. Alitembea ukumbi mzima, akageuka, akarudi, mikono hewani, na Himid akasema mashallah mara tatu. Miza moyo ulimjaa.

Halafu Bi Nura akatazama nyuma yake. Mpira mweusi ulikuwa umechora sakafu nyekundu kutoka mlango mmoja hadi mwingine, mistari, mistari, kama gari lililofunga breki. Akazivua polepole, akaziweka pamoja.

"Umeshona vizuri, mwanangu. Mungu akulipe. Tamim, beba sanduku."

Hapo Miza akapasuka.

"Apana, usibebe kitu!" akamwambia Tamim, kisha akamgeukia mzee. "Mama, mi ndiye niliyekuangusha. Ile sire ilikuwa mishumaa. Nimeyeyusha mwenyewe, nimepaka mwenyewe, na nimekuficha. Uniseme, unipige, lakini usiende. Sitaki uende. Ukienda nani atanigombeza?"

Tamim alibaki ameinama, kamba ya sanduku mkononi, hajui ainue au aachie.

"Mishumaa," Bi Nura akasema. "Miza, wewe unafikiri mi sina pua? Nyumba nzima ilinuka misa ya Krismasi. Nilijua kabla sijafika chini."

"Ulijua? Sasa mbona hukusema?"

"Nilingoja useme. Siku ya kwanza, ya pili, wiki. Na we, 'Ndiyo, Mama. Ndiyo, Mama.' Miaka kumi na mbili hujawahi kuniambia ndiyo mara mbili kwa siku moja. Nikasema, basi, mutoto huyu amenichoka, ananionea haya kuniambia. Mutu akikuchoka, unaondoka na heshima yako." Sauti ilimkatika kidogo, akakohoa kuificha. "Kigoma mi sipendi hata hewa yake."

"Mi nikuchoke wewe?" Miza akafuta machozi kwa ncha ya kitambaa chake. "Na sakafu hiyo alinifundisha nani? Kama hungekuwa na kiburi cha sakafu, ningeyeyusha mishumaa ya nini?"

"Ehe," Bi Nura akasema, na uso ukamfunguka. "Sasa huyo ndiye Miza."

Akamwamuru Tamim afungue sanduku. Akatoa kanga, akatoa mashuka, akafika chini kabisa, akavuta kitu kilichokunjwa ndani ya kitambaa cheupe, kimenyunyiziwa poda isishikane. Ulikuwa mpira wake wa kuzalishia, ule mpana ambao mkunga anautandika chini ya mama, na rangi yake ilikuwa nyekundu iliyokolea, nyekundu ile ile ya simenti. Akasugua kona yake sakafuni kwa nguvu. Hakuna alama.

"Mama, apana," Miza akasema. "Huo siukati. Nusu ya Buyenzi imezaliwa hapo."

"Na Himid wako, na huyu Tamim. Wamenikanyaga kichwani miaka yote, leo ni zamu yangu." Akauweka mapajani mwa Miza. "Umechemshwa mara nyingi kuliko chai ya nyumba hii, uko twahara. Na mi sitoki tena kuzalisha, magoti yamekataa. Leta mukasi kabla sijabadili roho."

Miza aliushika mkasi, akausogeza kwenye ukingo wa mpira. Bi Nura akaweka mkono wake juu ya wa Miza, wakakata pamoja kipande cha kwanza. Tamim akala tende zake mwenyewe. Hadi alasiri pantufu zilikuwa na soli mpya, na watu wa nyumba waliona jambo ambalo hawakuliona tangu ile Jumanne: Bi Nura alitawadha, akavaa, akapita ukumbini bila kugusa ukuta na maji yakimdondoka miguuni, akazivua kwenye ukingo wa mswala, akasali amesimama. Miza alikuwa nyuma yake, na rakaa ya kwanza aliianza upya, maana machozi yalimchanganya hesabu.

Tamim alivuka ziwa bila mama, na vipimo vya miguu ya Khadidja akaagizwa avilete safari ijayo. Sanduku lilirudi chini ya kitanda na mabaki ya mpira ndani yake.

Alhamisi iliyofuata, Miza akiwa amepiga magoti na burashi, Bi Nura alipita karibu, pantufu zake miguuni, akasimama.

"Pale kwenye kona umepita haraka."

"Sijapita haraka. Ni macho yako."

"Macho yangu yameona watoto wakija duniani gizani, we utaniambia nini? Rudia."

"Sirudii," Miza akasema, na akarudia.