Nywele za Wanphrang

Mdogo wangu Wanphrang hata kuku hakuweza kumchinja. Lakini fulana nyeusi yenye nyoka kifuani, nywele mpaka mabegani, magita ya roki yanaunguruma chumbani kwake, basi, kijiji kikawa kimeshamhukumu. Mvuta bangi! Mwabudu shetani! Walimsema hata kanisani, ameketi kando yangu.

Siku ile binti wa jirani hakurudi kutoka shule. Alasiri, mvua ikinyesha, minong'ono ikaanza: Thlen ana njaa. Milima hii yote inajua wapo wanaolifuga joka hilo kwa siri na kulilisha damu ya watu, na kwamba kwanza humkata mtu nywele. Washauawa watu kwa tetesi kama hizo.

"Watakuja hapa, Wan. Keti nikunyoe."

"Kwani nimefanya nini, dada?"

"Hujafanya kitu, mjinga wewe! Keti!"

Nilimnyoa, nikamvalisha shati jeupe. Nywele sikuzitupa. Kwetu hazitupwi ovyo, mtu mbaya asije akaziokota. Nikazifunga kitambaani, nikazificha chini ya kapu la mchele.

Wakaja na marungu, wengine waimbaji wenzangu wa kwaya. Baba wa mtoto alilipindua kapu. Kitambaa kikafunguka.

"Mwanangu!" akapiga yowe. "Nywele za mwanangu!"

"Ni zake mwenyewe!" nikapayuka. "Nimemnyoa sasa hivi, si mnamwona?"

"Ahaa! Na kwa nini leo? Asiye na hatia anajibadilisha sura ya nini?"

Ndipo nikamwona mlangoni mjomba Shanbor, kaka wa mama, ambaye neno lake ndilo neno la ukoo wetu. Amemkaripia Wan miaka mingi kwa sababu ya nywele zile. Anazijua vizuri.

"Mjomba, waambie!"

Akazitazama. Akamtazama binti yangu mchanga niliyembeba mgongoni. Ukoo ukisemwa unafuga joka, hakuna atakayekula kwetu wala kutuoa tena.

"Kijana huyu," akasema polepole, "hatujui alijifunza nini huko mjini Shillong. Ukoo wetu haumo."

Wakamburuta nje. Nilimrukia mjomba kwa kucha, nikamparua uso, naye akanishikilia palepale asiniachie. Mvuani Wan alikuwa akiniita, "Dada! Dada!", mpaka akaacha kuniita.