Fimbo Isiyogonga

Mzee Augustino alikuwa na kanuni moja ya kufundisha, na hakuibadili tangu siku aliyoshika chaki hadi alipostaafu: mwanafunzi akikosea, fimbo inagonga sakafu, akipatia, fimbo inanyamaza. Sifa hakumpa mtu. Wote waliopita mikononi mwake pale Nachingwea walijua kwamba ukimya wa Mwalimu ndio pongezi yake, na waliutafuta kwa jasho.

Sasa alibakiwa na mwanafunzi mmoja tu, mjukuu wake Teodosia, aliyechaguliwa na shule yake kwenda Ruangwa katika mashindano ya Kiingereza. Kila mshindani alipewa neno moja alieleze maana zake zote mbele ya waamuzi, na mshindi angekwenda Lindi kuwawakilisha wenzake. Teodosia aliangukiwa na neno "crack".

"Hilo ni neno la mlio," babu alimweleza jioni ya kwanza, akielekeza fimbo upande wa jiko la nje, ambako bibi Magreti alikuwa akibangua korosho kwa kirungu. "Ganda likipasuka, mlio unakatika papo hapo. Humo ndimo zilimotoka maana nyingine zote: ufa wa ukutani, mwanga wa kwanza wa alfajiri, mzaha unaowapasua watu mbavu, hata sauti ya mtu inapovunjika kwa kilio. Ila lifunge mwishoni. Ukiliacha wazi, limekufa."

Teodosia akakariri jioni baada ya jioni, amesimama wima, mikono ubavuni. Fimbo haikugonga hata mara moja, na binti alizidi kunawiri.

"Mwalimu, nimekuita mpaka koo limekauka," Magreti alimjia siku moja. "Mbuzi wamemaliza mchicha."

"Nilikuwa nafundisha."

"Ulikuwa unamtazama mtoto mdomo. Siku hizi hata jogoo akiwika unamtazama mdomo."

Teodosia alicheka. Mzee Augustino hakucheka, kwa kuwa maneno yale aliyaokota midomoni mwa mkewe, kama alivyookota maneno ya watu wote kwa zaidi ya mwaka sasa. Sauti zilimkimbia moja moja: kwanza nyenje, kisha mvua juu ya bati, kisha kirungu cha Magreti, kilichopanda na kushuka bila kusema kitu. Hakumwambia mtu. Mwalimu wa lugha asiyesikia angebaki nani? Na jioni zile, kila midomo ya Teodosia ilipocheza, kichwani mwake mzee alisikia sauti yake mwenyewe ya ujanani ikitamka sawasawa. Akaridhika. Akanyamaza.

Huko Ruangwa aliketi safu ya mbele, amevaa tai yake, fimbo katikati ya magoti. Teodosia akapanda jukwaani, akaanza. Hakusita mahali popote. Lakini mzee aliona mwamuzi mmoja akimwinamia mwenzake. Akaona wanafunzi wa pembeni wameziba vinywa, mabega yakiwatikisika.

Mwenyekiti wa waamuzi, Mwalimu Hajra, aliinua mkono. "Rudia neno lenyewe."

Teodosia akalirudia. Mabega yakazidi kutikisika. Binti akageuza macho kwenye fimbo ya babu yake. Fimbo ilikuwa kimya. Basi akanyanyua kidevu, akalitamka tena kwa nguvu hadi mishipa ya shingo ikamtoka, kwa imani yote aliyopewa na ule ukimya.

Ushindi ulikwenda kwa mwingine. Watu walipokuwa wakitoka, Mwalimu Hajra, ambaye zamani alisoma kwa mzee, alimfuata akasimama mbele yake.

"Shikamoo, Mwalimu. Maana anazijua kuwashinda wote. Lakini neno lenyewe analiacha wazi mwishoni, anasema 'kraki'. Kila mara. Nimeshangaa, maana sisi kwa kosa hilo ulitugongea mpaka sakafu ikabonyea."

"Marahaba," alijibu mzee. Irabu 'i' nyembamba namna ile haionekani midomoni mwa mtu.

Teodosia alikuwa barazani, ameegemea nguzo. Alipomwona babu yake alijiweka sawa.

"Babu, hukugonga."

Maneno hayo mawili aliyapata yote. Akafungua kinywa amwambie, lakini binti akamtangulia.

"Haya, nisikilize sasa," alisema binti. "Nimeambiwa kosa langu, nitalifunga. Nikikosea, gonga. Usinihurumie."

Akasimama wima, mikono ubavuni, kama nyumbani. Midomo ikafunguka, ikafumba. Akaitazama fimbo.

Mzee Augustino aliikaza mkononi. Akigonga, huenda amelihukumu neno lililo sahihi. Akinyamaza, huenda amemdanganya mtoto kwa mara nyingine. Alizikodolea macho pembe za ile midomo, na hazikumwambia neno.

Teodosia akatamka tena, akangoja.