Alhamisi za Meno ya Maren

Novemba ya mwaka juzi, Curt Brandvold alijaza fomu moja ofisini kiwandani akatoka pale kifua mbele, kama mtu aliyeshinda kesi.

Fomu yenyewe ilikuwa ya mfuko wa tiba. Kila mwaka wafanyakazi wa kiwanda cha karatasi walitakiwa waseme mapema wakatwe kiasi gani kwenye mshahara wa mwaka unaofuata, kabla ya kodi, kwa ajili ya macho, meno na dawa za nyumbani kwao. Ukishaandika, huwezi kubadilisha mpaka Novemba nyingine, na usichokitumia hadi siku ya mwisho ya Desemba kinabaki kwa kampuni. Wenye akili zao huandika dola mia mbili, mia tatu, za miwani. Curt aliandika elfu mbili na mia sita. Rollie, mwenzake wa mashine namba tano, alimchungulia begani akamuuliza ana ugonjwa gani asiotaka kuutangaza. Curt akamjibu kwamba ni meno ya Maren.

Maren ndiye mtoto wake pekee, ana miaka kumi na mitatu. Chonge lake moja la juu lilikuwa limepanda likakaa juu ya ufizi, mbali na wenzake, na tangu darasa la tano alikuwa hacheki bila kuziba mdomo kwa kiganja. Aliishi mji wa Wausau na mama yake, Jodi, mwendo wa saa nzima kutoka mji wa Rhinelander alikobaki Curt. Baada ya talaka mahakama ilimpa Curt wikiendi moja katika kila mbili. Mahakama haikujua kwamba wikiendi za binti wa miaka kumi na mitatu zina wenyewe: kuna voliboli, kuna sikukuu ya kuzaliwa ya fulani, kuna kulala kwa fulani mwingine. Mwaka ule Curt alimpata mara tisa. Hakulalamika, kwa sababu hakumjua wa kumlalamikia.

Ndipo likaja suala la vyuma vya meno. Daktari wa kunyoosha meno wa Rhinelander alikuwa nafuu kuliko wa Wausau, na Jodi alikubali kwenye simu kwamba Maren atibiwe huko, Curt alipe sehemu kubwa na ndiye awe anampeleka. Kila baada ya wiki sita, siku ya Alhamisi, vyuma lazima vikazwe, kwa miaka miwili. Vyuma havijui voliboli. Msimhukumu Curt vibaya. Lile chonge lilikuwa linamuuma roho kwelikweli. Lakini kilichomtoa ofisini kifua mbele ni zile Alhamisi. Alikwisha kuzihesabu, zilikuwa kumi na saba.

Basi akajibana. Alikata televisheni ya kulipia. Kazini alibeba viazi na soseji za nyumbani. Kubwa zaidi, aliacha kwenda kula samaki wa Ijumaa baa, jambo ambalo watu wa kule hawaliachi hata wakiwa na mafua, maana pale ndipo mtu anapoonekana yu hai. Ijumaa mbili tatu za mwanzo walimpigia simu kumuuliza yuko wapi. Baadaye wakazoea kiti chake kukaliwa na mwingine, naye akazoea kusikiliza friji yake ikinguruma.

Daktari alisema jino moja la utoto lazima ling'oke lenyewe kwanza, kwa hiyo wangeanza vuli. Curt akasubiri. Agosti lile jino lilitoka, Maren akamtumia picha yake, na Curt akaenda mwenyewe kuandikisha siku badala ya kupiga simu. Akapewa Alhamisi ya pili ya Oktoba. Akaomba ruhusa kazini.

Siku nne kabla ya tarehe hiyo Jodi alipiga simu. Alikuwa na furaha sauti nzima. Neil, mumewe mpya, alikuwa na bima nzuri ya kazini. Kumbe kulikuwa na daktari barabara ya pili kutoka shuleni kwa Maren, mtoto anatoka darasani anakwenda kwa miguu. Wamemtilia vyuma wiki iliyopita, na vimemkaa vizuri. Curt hatatoa hata senti. Alilisema hilo la mwisho kama mtu anayekabidhi zawadi, na kwa hakika aliamini ni zawadi.

"Haya," Curt akasema.

"Nilidhani utafurahi," Jodi akasema.

"Nimefurahi."

"Mbona husikiki hivyo?"

"Nimefurahi, Jodi. Mwambie Neil ahsante."

Curt aliuliza kama anaweza kuletewa risiti, naye alipe fungu lake. Jodi akasema Neil ameshamaliza yote, asijisumbue, anunue kitu chake mwenyewe kwa mara moja. Hapo ndipo Curt alipofanya kosa. Angetamka neno moja tu, kwamba fedha zimekwisha kukatwa na haziwezi kununua kitu kingine, Jodi angetafuta njia, kwani hakuwa mwanamke mbaya. Lakini angemwambia hilo, Jodi angeuliza kwa nini alikata zote hizo bila kungoja, na kwa akili zake zilivyo kali angezihesabu zile Alhamisi mwenyewe. Curt hakutaka mtu azihesabu. Akasema sawa, wakaagana.

Fomu zilipokuja tena Novemba aliandika sifuri.

"Naona mgonjwa kapona," Rollie akamtania.

"Kapona," Curt akasema.

Sasa, siku ya mwisho ya mwaka pale Rhinelander ina desturi yake. Wanaume wa kiwandani huvamia duka la dawa kwenda kumalizia mabaki ya mfuko. Huja na wake zao na watoto, wakijaza matoroli kwa vicheko, na mtu mwenye afya ya ng'ombe utamkuta anajadiliana na mkewe juu ya bandeji za goti. Curt alikwenda saa nane mchana, peke yake. Mwaka mzima alikuwa ametumia fedha zile kuziba jino moja na kununua miwani. Zilibaki elfu moja na mia tisa na kitu, na duka lilikuwa linafungwa jioni.

Alianza na vipimajoto vitatu, ingawa nyumbani mwake hamkuwa na mtu wa kupimwa. Akachukua plasta za kila saizi. Akachukua chupa sita za losheni ya kuzuia jua, yeye ambaye hushinda ndani ya kiwanda, na nje theluji ilikuwa magotini. Rollie alipita na mkewe Bev, akatazama toroli, akamuuliza kama anafungua hospitali. Bev akampiga mumewe kofi la begani, kisha akamuuliza Curt taratibu anakwenda wapi jioni kuukaribisha mwaka. Curt akasema ana mpango. Bev akamtazama sekunde moja zaidi ya ilivyohitajika, wakaenda zao.

Kwenye rafu ya meno alikuta vijisanduku vidogo ambavyo hakuwahi kuviona. Alivaa miwani akasoma. Ilikuwa nta, ya kubandika juu ya chuma cha meno kinapochoma mdomo. Alisimama pale amekishika kimoja, watu wakimkwepa kwa matoroli yao, na hasira zikampanda. Miezi kumi na miwili alikuwa amemlipia mtoto mdomo, na hata hakujua kwamba vyuma huchoma.

Yeye na Maren huandikiana tu ujumbe. Safari hii alipiga simu. Maren akapokea, na sauti yake ilikuwa nzito, kama ana kitu shavuni.

"Una nini?"

"Waya wa nyuma umechomoka. Unanichoma tangu jana. Na kliniki wamefunga mpaka Jumatatu."

"Una nta?"

"Imeisha. Mama ataniletea akitoka kazini, saa mbili usiku."

"Niko dukani. Ninayo mkononi."

"Baba, ni saa nzima kuja huku."

"Najua ni saa nzima."

Maren akasema, "Basi njoo."

Curt alichukua vijisanduku vitano, vyote vilivyokuwapo. Toroli aliliacha palepale katikati ya njia, pamoja na vipimajoto na jua lote lile la chupani. Keshia akampitishia kadi ya mfuko, dola kumi na tisa. Zilizobaki zilikuwa za kampuni ifikapo usiku wa manane, na kwa mara ya kwanza tangu Oktoba hazikumuuma.

Barabara kuu ilikuwa imeshapitiwa na magreda ya theluji, akaikata bila kufungua redio. Aliona haya kwa jinsi alivyofurahi. Mtoto anaumwa, naye anaendesha gari kama anakwenda harusini.

Maren alimfungulia akiwa na soksi, kiganja shavuni. Kutoka vyumba vya chini zilipanda sauti za wasichana wawili watatu waliokuja kulala. Neil alikuwa huko akiwawashia televisheni. Curt alibaki kwenye zulia la mlangoni. Katika miaka miwili hakuwahi kulivuka. Maren alichukua nta akaenda bafuni kwenye kioo, Curt akamsikia akiguna, kisha akarudi macho yamemjaa machozi.

"Inateleza. Sioni nyuma huko. Nifanyie wewe."

Akavua buti. Akanawa mikono jikoni mara mbili, kwa sabuni ya vyombo. Maren akasimama chini ya taa akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza Curt akaviona vile vyuma. Lile chonge lilikuwa limefungwa kwa waya mwembamba na limekwisha kuanza kushuka. Kazi ilikuwa nzuri. Neil alikuwa ametoa fedha zake mahali pake, na Curt akalikubali hilo moyoni.

Akakausha shavu kwa karatasi laini, akaiviringisha nta kwa vidole vyake vinene vya kiwandani, akamshika taya kwa mkono mwingine. Hakuwa amemgusa uso tangu alipokuwa mdogo wa kubebwa.

"Hapa?"

Maren akatikisa kichwa kukataa.

"Hapa?"

"Ha-po."

Akabonyeza taratibu, akangoja ishike. Maren akafumba mdomo, akapapasa kwa ulimi, kisha akacheka kwa nafuu. Hakuziba mdomo kwa mkono.

"Haichomi tena," akasema. Akaona vile vijisanduku vingine mezani. "Vyote hivi vya nini? Jumatatu wanaukata huo waya. Haitauma tena."

"Viweke tu."

Chini wenzake wakamwita Maren jina. Akamkumbatia baba yake kwa mkono mmoja, akamtakia heri ya mwaka mpya, akamwambia aendeshe polepole, na alikuwa ameshafika katikati ya ngazi kabla Curt hajamaliza kumjibu. Curt akavaa buti zake mwenyewe pale kwenye zulia, akauvuta mlango taratibu usipige kelele.

Ndani ya gari alingoja barafu ya kioo iyeyuke. Juu ya paa la nyumba giza lilikuwa limeanza kuingia, na mle ndani taa zote zilikuwa zinawaka. Akajikuta anaomba. Aliomba waya mwingine umchomoke mtoto, wiki ijayo au ile nyingine, siku yoyote, umchome vizuri mpaka apige simu. Akajisikia anavyoomba, akajiona mtu mbaya kabisa. Kioo kikasafika, akaondoa gari, na ombi lenyewe hakulifuta.